Mizani Mbili za Sonara

Wahenga walisema: ya kale ni dhahabu. Neno hili twalitumia sana, khasa tunapotaka kuwasifu wazee au kuwalaumu vijana, lakini wachache hulipima. Maana dhahabu yenyewe ikifika mbele ya sonara haiulizwi umri wake. Sonara huisugua juu ya jiwe, akaitia tindikali, akajua ni ya karati ngapi, kisha akaiweka katika mizani. Mkufu uliovaliwa na mabibi watatu na mkufu uliotoka kiwandani jana, ikiwa uzani wao ni mmoja na usafi wao ni mmoja, mbele ya mizani ile ni kitu kimoja. Basi ya kale ni dhahabu, tumekubali. Lakini je, dhahabu ya kale ni zaidi ya dhahabu?

Ndugu msomaji, swali hili si la kupitishia wakati barazani. Ndani yake mna haki ya mjane anayeuza kekee za mamake kwa sababu ya shida. Mna haki ya warithi, na mna zaka. Na mna swali la moyo: yule apendaye vitu vya kale, apenda nini khasa? Tutalitazama jambo hili hatua kwa hatua, na tutaanzia Morogoro Mjini.

Kwa nini Morogoro

Huenda msomaji wa Mombasa au wa Unguja akashangaa kwa nini tuanzie mji wa bara, ulio chini ya milima ya Uluguru, wala tusianzie Lamu au Mji Mkongwe. Sababu ni kwamba Morogoro ulikuwa ni mlango. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapo. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, ulioasisiwa na Kisabengo na wakati ule ukitawaliwa na binti yake, una ukuta wa mawe na minara, na malangoni mna milango ya mbao iliyochongwa nakshi mfano wa zile za pwani. Aliporudi mwaka 1872 akakuta mafuriko yameuchukua ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi. Kazi ya mafundi ya miaka mingi ilikwenda na maji ya mvua za msimu mmoja.

Misafara ile ilichukua nguo, nyaya na shanga. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa ni fedha ya matumizi njiani. Nyingi za shanga hizo zilitengenezwa kwa kioo huko Venice, zikavuka bahari mbili, zikafika kwenye shingo ya binti wa bara. Na madini ya fedha yalikuja kwa njia ya riale ya Maria Theresa, ile yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo hata baada ya malkia mwenyewe kufa. Riale moja ina uzani wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1000 sehemu 833 ni fedha safi. Sonara wa pwani hakuwa na mgodi. Mgodi wake ulikuwa ni riale. Aliziyeyusha, akazifua, akatoa kekee, timbi, mitali na mafurungu.

Hapa tuseme jambo moja mapema, ili tusimdhulumu sonara. Kuyeyusha si uharibifu kwa dhati yake. Kekee tunayoililia leo ilizaliwa kwa kuyeyushwa riale, na pengine riale hiyo ilizaliwa kwa kuyeyushwa kitu chengine. Moto ndio mama wa kazi hii. Anayesema kwamba kila cha kale kisiguswe, basi na hicho akipendacho kisingelikuwapo.

Leo mkoa huu wa Morogoro hautegemei vito vya kuletwa. Yakuti zachimbwa upande wa Matombo, katika milima ya Uluguru, na huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, yatoka mawe mekundu yaitwayo spineli. Mawe haya yana mafunzo. Katika taji la wafalme wa Uingereza mna jiwe kubwa jekundu lililoitwa yakuti kwa karne nyingi. Wajuzi walipolichunguza wakakuta ni spineli. Mwaka 2007 huko Mahenge yalipotoka mawe makubwa mno ya spineli, wanunuzi wa dunia waligeuza nyuso zao, na jiwe lililokuwa likitazamwa kama ndugu mdogo wa yakuti likawa latafutwa kwa jina lake. Jiwe halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni elimu ya watu. Tulishike neno hili, maana ndilo kiini cha makala yetu: baina ya bei ya leo na bei ya kesho mara nyingi hapana ila elimu, na mwenye elimu ana dhima juu ya asiyekuwa nayo.

Mtu aliyekuja kugawa chakula

Katika Afrika Mashariki tunao mfano mashuhuri wa mtu aliyekuwa mtunzi wa mapambo bila ya kukusudia. Alan Donovan alizaliwa Colorado, Marekani, mwaka 1938. Mwaka 1967 alikuja Nigeria kwa kazi ya serikali yake ya kuwapelekea watu misaada wakati wa vita vya Biafra. Kazi ile akaiacha, akasafiri, na mwaka 1970 akafika Kenya. Akaenda Turkana, akaona vitu ambavyo wenyewe walivitumia kila siku: vigoda, vibuyu, mapambo ya shingo na ya masikio. Akavikusanya, akavionyesha Nairobi. Katika waliokuja kutazama alikuwapo Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966 kisha akajiuzulu. Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, alikuwa bingwa wa kukusanya vitabu na vitu vya kale vya Afrika. Wawili hawa, pamoja na Sheila, mke wa Murumbi, wakaanzisha Nairobi duka na jumba la maonyesho lililoitwa African Heritage, yaani Turathi ya Afrika, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Hapo ndipo Donovan alipogeuka kuwa mtunzi wa mapambo. Alitwaa shanga kuukuu, kaharabu, shaba, pembe na mifupa, akawa atunga vidani vipya kwa vitu vya zamani, na mafundi wa nchi wakafanya kazi pamoja naye. Baadaye akajenga nyumba ukingoni mwa mbuga ya wanyama ya Nairobi, ameichanganya sura ya majengo ya udongo ya Mali na ya nyumba za Waswahili wa pwani, akaijaza vitu alivyokusanya. Alifariki Disemba 2021.

Twajifunza mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba riziki ina milango ambayo mtu haijui. Huyu alitumwa kugawa chakula, akaishia kutunga shanga. Wako wengi kwetu mfano wake: fundi saa aliyeishia kuwa sonara, mke aliyeanza kwa kurekebisha kidani cha jirani na leo nyumba yamtegemea yeye. Si haki kumcheka mtu aliyeacha njia aliyosomea, madamu alikoingia ni halali.

La pili ni zito zaidi. Donovan aliona thamani ambapo wenyewe waliona kigoda tu. Jicho hilo ni neema. Lakini jicho lile lile laweza kuwa ni upanga. Maana anayeona thamani ambayo mwenye kitu haioni, anazo njia mbili mbele yake: amfumbue macho, au amnunue akiwa amefumba. Siwahukumu wawili hao waliotajwa, wala si kazi yangu kuwahukumu. Nawaeleza ili tuulize kuhusu sisi wenyewe.

Mizani ya kwanza: uzani

Tuanze na mizani ya uzani, kwa sababu kuna wanaoidharau na kusema kwamba sonara ni mtu asiyejua ila gramu. Dini yetu haikuidharau. Dhahabu kwa dhahabu, na fedha kwa fedha, hazibadilishwi ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na ziada ni riba, hata kama moja ni nzuri na nyengine ni mbovu. Mtume (S.A.W.) aliletewa tende nzuri za Khaybar, na alipojua kwamba zimebadilishwa pishi moja kwa mbili za tende duni, akakataza, akaelekeza kwamba tende duni ziuzwe kwa fedha, kisha kwa fedha ile zinunuliwe zile nzuri. Maulamaa wameichukulia dhahabu kwa hukumu hiyo.

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa bila ya kujua. Mama huenda dukani na bangili zake kuukuu za gramu 30, akapewa mpya za gramu 25 kwa gramu 30 zile, na ziada ikaitwa ujira wa ufundi. Hii ndiyo sura iliyokatazwa. Njia ya salama ni nyepesi: auze kuukuu zake kwa shilingi, azipokee shilingi mkononi, kisha anunue mpya kwa bei watakayopatana, na humo ufundi waweza kulipwa utakavyo. Haimgharimu mtu ila dakika kumi na hesabu mbili badala ya moja.

Pengine msomaji atauliza: je, sheria hii haikuuona ufundi? Nakshi za fundi aliyekesha hazina maana? La, imeuona. Ilichokataza ni kuupa ufundi bei kwa kificho, ndani ya mabadilishano ya dhahabu kwa dhahabu, ambapo hapana ajuaye ni kiasi gani kimekwenda kwa madini na kiasi gani kimekwenda kwa mkono wa fundi. Ufundi ukiuzwa kwa shilingi, wazi, una haki yake.

Na upo mkasa wa kidani cha Khaybar. Fadhala bin Ubaid, mmoja katika Masahaba, alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu yake peke yake yapita dinari 12. Akamweleza Mtume, naye akasema kwamba kitu cha namna ile kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Tazama: hapo mnunuzi ndiye aliyefaidika. Hakuambiwa kwamba ana bahati. Alifundishwa kwamba bei haisimami mpaka kijulikane kinachouzwa.

Mizani ya pili: anayejua na asiyejua

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tuseme mjane wa Mwembesongo, hapo Morogoro Mjini, ana kekee mbili za fedha alizoachiwa na mamake, na mamake aliachiwa na mamake. Mjukuu ataka kuingia shule. Mjane azipeleka kwa sonara. Sonara azipima: gramu 200. Kwa bei ya fedha ya kuyeyusha zafika, tuseme, shilingi laki mbili na nusu. Lakini sonara huyu ni mpenzi wa vitu vya kale. Kwa kuzitazama nakshi tu amekwisha jua kwamba hizi si za kuyeyusha, na kwamba mjini Dar es Salaam au Unguja yuko atakayezitolea laki kumi na mbili. Mjane hakuuliza. Sonara hakusema uwongo. Mizani haikuchezewa. Je, akinyamaza akalipa laki mbili na nusu, amefanya halali?

Tuwe waadilifu katika jibu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ni madhehebu ya wengi wa watu wa pwani, bei haivunjiki kwa sababu tu mmoja amepunjika, ikiwa hapakuwa na udanganyifu. Wako maulamaa wengine, khasa wa madhehebu ya Hanbal, waliompa haki ya kurudisha mtu asiyejua bei na akamwachia mwenzake kwa kumwamini, kisha akapunjwa kupita kiasi. Kwa hivyo sonara wetu anaweza kupata wa kumwambia kwamba bei yake ni sahihi. Lakini bei kuwa sahihi mbele ya kadhi, na moyo kuwa safi mbele ya Mwenyezi Mungu, si lazima yawe jambo moja.

Sonara atasema: elimu yangu ni mtaji wangu. Nimetumia miaka kujifunza nakshi za Siyu na za Lamu, za Oman na za Bara Hindi. Nimenunua vya bandia nikapata hasara mpaka nikajua. Kwa nini niigawe bure? Na hili ni neno lenye nguvu, wala halijibiwi kwa kumkemea. Mganga hulipwa kwa elimu yake, na fundi vile vile. Sonara naye ana haki ya faida.

Lakini tuangalie elimu hii amelipwa na nani. Mganga hulipwa kwa elimu anayoitumia kwa ajili ya mgonjwa. Sonara huyu ataka alipwe kwa elimu anayoitumia juu ya mjane, yeye akiwa hajui kwamba yatumika. Hiyo si ada ya elimu. Hiyo ni ada ya ujinga wa mwenzake, na aliyeilipa hakushauriwa.

Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuipokea misafara kabla haijafika sokoni, wakanunua bidhaa kwa wenyewe ambao bado hawajajua bei ya mji. Na mwenye bidhaa akishafika sokoni akajua, anayo hiari ya kurudisha. Sasa mjane wetu amefika soko gani? Amefika soko la fedha ya kuyeyusha. Soko la vitu vya kale hajalifikia, wala hajui kwamba liko. Sonara amesimama baina yake na soko hilo, kama alivyosimama yule aliyeuvizia msafara njiani. Kwamba mjane amekuja kwa miguu yake mpaka dukani hakubadilishi kitu, kwa sababu hata wenye misafara walikuja kwa miguu yao.

Na upo mfano wa juu zaidi wa Jarir bin Abdillah. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwendea mwenyewe akamwambia kwamba farasi wake ni bora kuliko bei ile, akapandisha, na akazidi kupandisha, mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alikwisha kumpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Sisemi kwamba kila sonara ni lazima afike daraja ya Jarir. Lakini ajue kwamba daraja hiyo ipo, na kwamba baina ya Jarir na mvizia msafara mna ngazi nyingi, naye amesimama juu ya mojawapo.

Basi afanye nini mfanya biashara anayetaka kula halali na watoto wake wale? Naona mambo matatu yamtosha. Kwanza, aseme kitu ni nini. Bei ni maoni, na watu hupatana. Lakini kwamba kekee hizi ni kazi ya kale na kwamba wako wanaozitafuta, hilo ni sifa ya kitu chenyewe, na kuificha ni kama kuficha aibu ya bidhaa, isipokuwa hapa anayefichwa ni muuzaji. Pili, ampe mjane hiari mbili: azinunue papo hapo kwa bei ambayo kesho mjane akisikia ziliuzwaje hatamwona haya njiani, au amwuzie kwa udalali, kwa ujira waliotaja mwanzo. Tatu, asiifanye haraka ya mwenye shida kuwa ndiyo silaha yake. Ada ya shule ina siku yake, na mwenye kungoja hununua kwa bei ya mwenye kuharakishwa. Huko kungoja kwake ni mtihani wake.

Kupenda vya kale

Twaja kwenye swali la moyo. Kuna wanaosema kwamba kukusanya vitu vya kale ni kupenda dunia tu, na kwamba Mwislamu hana haja ya kushughulika na vyungu na vikuku vya waliokufa. Kuna na wanaosema kinyume chake, kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kila cha kale kihifadhiwe. Nadhani wote wawili wametazama kitu, wala hawakumtazama mtu.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, watu wa Makka walituma fidia za kuwakomboa mateka wao. Zaynab, binti wa Mtume, alikuwa bado Makka, na mumewe Abul-As alikuwa mateka. Alituma mali, na ndani yake akatia kidani. Kidani hicho kilikuwa cha mamake, Bibi Khadija, alichompa siku ya harusi yake. Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa. Hakutumia amri yake. Aliwaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachie mateka yule na wamrudishie Zaynab kidani chake, nao wakakubali.

Tukipime kidani kile kwa mizani ya kwanza: hatukuambiwa uzani wake, wala karati zake. Kwa mizani ya pili kilikuwa na mke aliyekuwa wa kwanza kuamini, na mama, na siku ya harusi. Mbora wa viumbe alikitambua na moyo wake ukalainika. Basi asije mtu akatuambia kwamba kukumbuka kwa kitu ni udhaifu. Lakini tuangalie vile vile kumbukumbu ile ilizaa nini. Ilizaa kuachiwa huru kwa mtu, na mali kurudishwa kwa mwenyewe, kwa ridhaa ya waliokuwa na haki.

Upande wa pili tuna mkasa wa Samiri. Watu wa Musa (A.S.) walikuwa na mapambo, yakayeyushwa, likatoka sanamu la ndama, wakaliabudu. Mapambo yale yale yangeweza kuwa mahari au sadaka. Kilichoyaharibu si moto. Ni moyo uliotaka kitu cha kukisujudia. Na mpenzi wa vitu vya kale aweza naye kusujudu bila ya kuinama: anapokesha kwa hofu ya kikombe, anapomfukuza mtoto wa jirani asiguse kasha, anapokuwa na kidani cha thamani kubwa kabatini na ndugu yake hana dawa.

Kipimo basi ni kwamba upendo wa kitu cha kale uwe ni njia ya kuwafikia watu, waliopita na waliopo. Murumbi aliipatia serikali nyumba yake ya Muthaiga na makusanyo yake, kwa matumaini kwamba nyumba itakuwa mahali pa elimu. Nyumba ikaja ikabomolewa, na hilo ni huzuni. Lakini vitabu na vitu vyake vingi leo viko katika jumba la Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, na mtoto yeyote aweza kuingia akavitazama. Aliyekusanya ili wengine waone, na aliyekusanya ili wengine wasiwe navyo, mikono yao imefanya kazi moja, lakini nia zao ni mbali kama mashariki na magharibi.

Kidani cha mama na warithi wake

Mtihani mkubwa wa jambo hili hauko dukani, uko nyumbani, siku mama anapofariki. Katika miji yetu mingi husemwa kwamba vya mama ni vya mabinti. Na kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ada hii ina mizizi zaidi. Lakini sheria ya mirathi haina fungu la mapambo. Dhahabu ya marehemu ni mali yake kama shamba lake. Tuseme ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na baada ya madeni na wasia imebaki dhahabu ya gramu 160. Mume ana robo, gramu 40. Kijana ana gramu 60, na kila binti gramu 30. Mama akitaka mabinti wapate zaidi, na awape angali hai na wapokee, naye akichunga uadilifu baina ya wanawe.

Hapo huja magomvi. Vijana husema: tuyeyushe, tugawane sawa. Mabinti husema: hiki ni kidani cha mama, hakiyeyushwi. Na wote wana sehemu ya haki. Dawa yake ipo. Kidani kithaminiwe, na binti anayekipenda akichukue ndani ya fungu lake, wengine wachukue vyengine au shilingi, kwa kuridhiana. Hivyo kitu cha kale kimepona na hapana aliyedhulumiwa. Lakini kithaminiwe kwa mizani zote mbili. Binti akijua kwamba kidani kina thamani zaidi ya uzani wake, akanyamaza ili ahesabiwe gramu tu, basi amewatendea ndugu zake kama yule sonara alivyomtendea mjane. Na huyu ni mbaya zaidi, kwa sababu wale ni damu yake.

Yanayosahauliwa

Kuna mawili ambayo wapenzi wa vya kale huyasahau. La kwanza ni zaka. Kwa madhehebu ya Shafi mapambo ya halali anayoyavaa mwanamke kwa kadiri ya ada hayana zaka, na kwa madhehebu ya Hanafi yana zaka. Lakini dhahabu na fedha iliyowekwa kuwa ni hazina, isiyovaliwa, haimo katika msamaha huo; ikifika kiasi, nacho ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa fungu moja katika arobaini. Na mwenye duka la vitu vya kale ahesabu bidhaa yake kwa bei ya soko lake. Haifai wakati wa kuuza kusema ni kazi ya miaka mia, na wakati wa zaka kusema ni chuma chakavu.

La pili ni amana ya nchi. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na imetaja hata milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwamba isiuzwe wala isitolewe nchini bila ya idhini. Mlango ukishapanda meli, mjukuu wa fundi aliyeuchonga atahitaji pasipoti na nauli ili auone. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakukusudia mkeka tu.

Kwa hivyo, ewe sonara, mizani yako ya kwanza itunze isipunje hata chembe. Lakini ujue kwamba iko ya pili isiyoonekana, na kwamba siku yaja ambapo wewe mwenyewe utawekwa juu yake. Nawe mwenye kidani cha bibi, kabla hujakipeleka sokoni uliza wajuzi wawili watatu, kwani kuuliza hakupunguzi uzani. Nawe mpenzi wa vya kale, kipende kitu kwa ajili ya mkono uliokifanya na shingo iliyokivaa, wala usimpite mjane aliye hai ukikimbilia kikuku cha aliyekufa. Mwenyezi Mungu atujaalie katika wanaotimiza vipimo, wakiwa wanajua na wenzao hawajui. Amin.